Jembe la Upenuni

Kulipopambazuka, Bibi Nyanzobe alikuwa amelala kifudifudi juu ya gunia, nyuma ya ua wa minyaa, akichungulia kwa jirani kama mwizi wa kuku. Kwa umri wake, kulala hivyo hakukuwa kazi. Kuinuka ndiko kulikokuwa safari.

Alichokitafuta kilikuwa palepale: jembe la Tulinagwe, limechomekwa upenuni, kavu, halina hata chembe ya udongo.

"Basi leo pia hatupandi," alijinong'oneza, akaanza kuinuka, goti moja likilisubiri jingine.

Mwaka huo mvua za mwanzo ziliwadanganya watu wa bonde la Momba. Walipanda, jua likachoma miche yote. Kila nyumba ilibakiwa na mtama kidogo wa mbegu, na huo nao ukiungua, watoto wangelala njaa mpaka msimu mwingine. Basi kijiji kizima kikakubaliana: safari hii hakuna kupanda mpaka Bibi Nyanzobe apande.

Sababu yao ilikuwa ukoo wake. Babu yake alihama kwa ukame. Baba yake akahama kwa ukame. Yeye na marehemu mumewe waliswaga ng'ombe kutoka Usukumani hadi huku, mvua ilipowakataa kule. Watu waliolikimbia jua vizazi vyote hivyo, walisema, lazima wanajua mvua inakokaa.

Nyanzobe hakuwahi kuwabishia, ila moyoni alijicheka. Kama kukimbia ni elimu, swala angekuwa mwalimu mkuu.

Aliyeijua mvua, kwa maoni yake, alikuwa Tulinagwe. Huyo alizaliwa milimani Ileje, kwenye mvua ya kuchosha, akateremka bondeni baada ya mlima kumeguka na kulifukia shamba lake. Mwaka wao wa kwanza wa ujirani, Nyanzobe alikuwa nje na jembe lake anachimbia nguzo za zizi, mara akaona jembe la mwenzake linatoka upenuni. Mvua haikukawia. Tangu siku hiyo Nyanzobe hakupanda tena kwa akili yake.

Hata chai hajanywa, Gwakisa wa ng'ambo ya barabara akapiga hodi.

"Shikamoo, bibi. Mke wangu ananitazama kama mimi ndiye niliyefukuza mawingu. Tupande?"

"Marahaba. Subirini."

"Unasikia nini, bibi?"

"Magoti."

Gwakisa akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda kuwaambia watu kwamba magoti ya bibi hayajasema.

Baadaye Tulinagwe mwenyewe akaja na kibuyu cha togwa. Hakuwa mtu wa kuja mikono mitupu, hata katika mwaka kama ule.

"Mwenzangu, jicho lako limekuwaje? Jekundu kama nyanya!"

"Moshi," alisema Nyanzobe. Ulikuwa utomvu wa mnyaa, lakini angeanzia wapi kueleza? "Na lako je?"

"Moshi huohuo. Kuni zangu mbichi."

Nyanzobe alimwonea huruma, akampa maziwa kidogo akaoshe hilo jicho. Ya jicho lake alikuwa ameshayatumia asubuhi.

"Na jembe lako," aliuliza Tulinagwe akiondoka, "mpini haujalegea?"

Kila mwaka aliuliza hivyo. Nyanzobe alimtazama akienda, akawaza kwamba wapo watu wenye huruma hata kwa majembe ya wenzao.

Siku zikasogea, mbingu nyeupe, jembe la Tulinagwe halijasogea. Kisha asubuhi moja Nyanzobe akasikia kwaru-kwaru ndani ya chungu cha mbegu. Panya!

Alichomoa jembe upenuni, akatoka mbio, mbio za kwake. Panya akaingia shambani. Bibi akapiga udongo hapa, akapiga pale, akarudi mstari mzima akiinama na kuinuka, mtama ulioibwa ukidondoka kutoka mdomoni mwa panya.

"Simama, mlafi wewe! Upigwe mara moja tu!"

Alipojinyoosha kuvuta pumzi, akatupa jicho ng'ambo ya ua. Tulinagwe alikuwa shambani kwake, kainama, anapanda kwa kasi ya mtu aliyechelewa ibada.

"Ndiyo hiyo!" alisema Nyanzobe. Akamsamehe panya palepale, akakimbilia mbegu. Gwakisa akamwona. Kufikia adhuhuri, kijiji kizima kilikuwa shambani, na mtama wa mwisho ulikuwa ardhini.

Mvua ilinyesha kabla ndege hawajajua kilichofukiwa. Ikanyesha vizuri, polepole, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Mtama ukaota mstari kwa mstari, na Gwakisa akaleta jogoo mwekundu.

"Bibi, Mungu ayatunze magoti hayo."

Nyanzobe alikaa na yule jogoo kutwa nzima na roho haikumpa kumchinja. Angekulaje sifa ya mwingine kwa ugali? Akamkumbatia, akazunguka kwenda kumpa mwenyewe anayeijua mvua.

Tulinagwe alikuwa shambani anapalilia. Nyanzobe akatafuta pa kumfunga jogoo, akaufuata ua kwa upande ule wa pili, ambako miaka yote hakuwahi kuwa na sababu ya kupita.

Chini ya minyaa palikuwa na gunia limetandikwa, lina vishimo viwili vya viwiko. Mbele yake vijiti vilikuwa vimepanuliwa kwa uangalifu, nafasi ya jicho moja.

Nyanzobe alimwachia jogoo. Akapiga magoti, akalala kifudifudi, akachungulia.

Ng'ambo, upenuni kwake, jembe lake lilionekana vizuri kabisa.