Kocha na Nyonga za Mama

"Mama Taisia, hebu vua koti," kocha alisema.

Mama alikuwa amekuja mbio kutoka kiwandani, akidhani ataulizwa binti anakula nini. Akavua. Baridi ya ukumbi wa kuteleza kwenye barafu ikamfanya acheke.

"Sasa geuka kidogo."

Akageuka. Taisia, aliyekuwa ameanguka mara sita asubuhi hiyo akijaribu kuruka na kuzunguka mara nne hewani, alishangaa kuona kocha hamtazami yeye. Kocha alizikodolea macho nyonga pana za mama, kama fundi cherehani anayepima kwa macho.

"Ulivunja ungo ukiwa na miaka mingapi?"

"He! Kumi na minne. Kwani kuna nini, kocha?"

"Na huyu anaifikisha Aprili. Basi tuna miezi mitano ya kuruka, kabla nyonga zake hazijapanuka kama zako." Akamgeukia Taisia. "Rudi barafuni, mwanangu."

Taisia hakusogea. Alikuwa akizitazama nyonga alizozikumbatia tangu utotoni, asiwahi kuziona hata siku moja.

Nyuma yao, vitini, akina mama wengine walianza kufunga vifungo vya makoti yao, mmoja baada ya mwingine, hadi shingoni.