Shubiri ya Kuachisha Ziwa

Hakuna mwanamke wa kunificha mimba mimi; naijua kwa mwendo tu. Ya kwangu ya mwisho niliidhani gesi mpaka mwezi wa tano.

Bi Mize, muuza dawa za miti, ndiye hasa aliyekuwa na jicho. Asubuhi moja, nimekaa naye, Mwantumu alifika mezani pake sokoni, mtoto mgongoni, kafunikwa kanga mpaka utosini.

"Shikamoo, bibi. Nataka shubiri ya kupaka ziwa. Namwachisha huyu."

"Marahaba. Ana umri gani?"

"Miaka miwili imetimia."

Bi Mize alichukua kipande cheusi cha shubiri, asimpe. "Na huyo wa tumboni, umeamua abaki?"

Mwantumu aliinama, akakwangua meza kwa ukucha. "Mara mbili nimekwenda kwa nesi aitoe mimba, mara mbili nimerudia mlangoni. Nimeshindwa, bibi. Abaki. Sasa mama mkwe anasema maziwa ya mimba yatamdhuru huyu, nimwachishe leo hii."

"Yeye mama mkwe ndiye atakayemnyonyesha?"

"Huyu mtoto ni mkubwa, bibi, nakwambia. Anakula hata ugali wa dona."

Bi Mize alinyoosha mkono, akafunua kanga. Mtoto alimtazama, kisha akamchekea kwa kinywa kizima: ufizi mtupu, hata jino moja hakuna.

 Kiganja cha Mwantumu kilikuwa bado wazi juu ya meza, kikingoja shubiri.