Kioo cha Mama Mkwe

Fundi alipachika kioo kipya, akaiwasha simu ya mama mkwe wake ili ajaribu herufi, kama anavyofanya kwa kila simu. Jibu lililoachwa katikati likajitokeza: "Wewe Profesa Chipu ni debe tupu."

Profesa Chipu alikuwa yeye.

Wiki mbili nzima alikuwa akibishana mtandaoni na mtu anayejiita Sindano. Fundi alishikilia kwamba simu inaweza kukupima presha ukiigusa kwa kidole tu. Sindano alimjibu kwamba huo ni ushirikina wenye chaji. Juzi, hasira zilipompanda, fundi alimwita kikongwe asiyejua hata kuwasha simu.

Sasa kikongwe mwenyewe, muuguzi mstaafu, alikuwa ameketi mbele ya meza yake, mkoba mapajani.

"Herufi zinakubali?"

"Zinakubali, mama."

"Basi nimalizie, miwani nimeisahau nyumbani. Andika: hujawahi kushika mkono wa mgonjwa hata mmoja."

Fundi aliandika neno kwa neno. Tone la jasho lilimning'inia puani, akaogopa kulifuta.

"Pale mwanzo, 'debe tupu' ipo?"

"Ipo, mama."

"Haya, tuma."

Alituma. Simu ikalia kwenye mfuko wa shati lake mwenyewe.

Mama mkwe aliutazama ule mfuko, akamtazama mkwewe. Kisha akafungua mkoba, akatoa kipimo cha presha, akaukunjua mkanda wake taratibu.

"Kunja mkono wa shati, Profesa."