Mkono wa Saumu

Mtaani kwao kila mama hushika kitasa cha mlango asubuhi, na taa ya juu huwatangazia majirani hali ya kichwa chake: kijani katulia, njano kavurugika. Njano siku tatu, watoto wanachukuliwa.

Mama yake Saumu ana mwezi sasa anagombana na ukuta, lakini taa yao ni kijani tu. Anayeshika ni Saumu, miaka kumi na tatu. Kitasa hakiulizi mkono wa nani.

Leo akashika, ikawaka njano. Akajifuta kwenye kanga, akashika tena. Njano.

Jirani hakukawia, na jagi la uji mkononi.

"Shikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba. Nilijua tu! Nipishe, mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?"

Saumu akauficha mkono nyuma, akamwonyesha chumbani kwa mama.