Kingugwa Msibani kwa Kobe

Zamani, fisi walipokuwa bado wanaajiriwa, Kingugwa alikuwa mchekaji mashuhuri wa harusi. Harusi isiyo na kicheko chake ilihesabiwa imepooza. Kisha mkewe, Bi Tunu, akateuliwa kuwa hakimu katika nchi ya kobe, naye akamfuata.

Kobe hawacheki. Kingugwa akabaki kupika na kufagia, na majirani wakamwita "yule wa hakimu."

Siku moja mume na mke walikwenda msibani. Kingugwa akaikumbuka kazi yake ya zamani, akataka kulia. Lakini koo la fisi lina sauti moja tu. Kikamtoka kicheko kilichotikisa turubai.

"Mume wangu, umetuua!" Bi Tunu alinong'ona, akijifunika kanga usoni.

Mjane akatoa kichwa gambani, macho yamemlowa. "Sisi hulilia humu ndani, hatusikiki," alisema. "Leo marehemu wangu ameliliwa. Unaitwa nani, baba?"

"Kingugwa."

"Basi usinyamaze, Bwana Kingugwa. Na kwenye arobaini tunakuhitaji."

Kingugwa akajifuta machozi, akavuta pumzi, akacheka kwa majonzi makubwa mpaka maziko yakaisha.