Kadi na Chupa

Sikuzani alikuta kibandiko cha bima kimeshabanduliwa kwenye mlango wa kliniki ya dawa za asili, imebaki gundi tu. Hata hivyo aliweka mezani kadi yake na chupa tupu ya dawa ya mumewe, kama alivyofanya kila Jumatatu.

"Hatupokei tena bima, mama," alisema Tabibu Mkwizu bila kuinua macho. "Mwaka mzima wananirudishia fomu, eti magome hayamo kwenye orodha yao. Nimechoka."

"Hospitali walitaka mguu wa mume wangu ukatwe, Tabibu. Wewe ndiye uliyesema tusubiri. Sasa kidonda kimebaki upana wa dole gumba."

"Najua. Nimekiosha kwa mikono yangu."

"Basi nikamwambie nini?"

Wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakatazama viganja vyao.

Sikuzani akakaza khanga kiunoni, akazunguka meza, akashika mchi uliokuwa ndani ya kinu, akaanza kuyatwanga yale magome. Hakuna aliyemtuma.

"Mama, acha," Tabibu alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Hakuacha. Alitwanga huku machozi yakimtiririka, na hakuyafuta. Kinu kilikuwa kimeegemea mguu wa meza, na meza yenyewe ilikuwa mbovu. Kila mchi uliposhuka, kadi na chupa vilisogea pamoja kuelekea ukingoni.

Tabibu akanyoosha mkono, na benchi zima likainua macho kuona atadaka kipi.