Mtunzi Amekataa Tena

Mtunzi alikuwa amekataa tena.

Bosi aliisoma barua amesimama, kikombe cha chai mkononi. Mwandiko ulikuwa uleule wa kuinama: "Ubeti wa pili haujanikaa vizuri. Nipeni muda." Hii ilikuwa barua ya nne.

"Huyu ananichezea," alisema.

"Hakuchezei. Anatunga." Bibi Faili hakuinua macho. Jina hilo alilipata hapo ofisini, maana nyimbo mia sita na kumi na mbili za kampuni yao ndogo alizijua kama vidole vyake. "Wimbo si chai, bosi, kwamba ikichemka unamimina."

"Mama, wenye filamu wanafunga kazi Jumatatu. Wimbo huu ukiingia kwenye filamu yao, tumepona. Usipoingia, nyimbo zote zinachukuliwa na zile kampuni kubwa, na mimi na wewe tunakwenda kukaa nyumbani."

"Kanuni ni kanuni. Bila ridhaa ya mtunzi, kwa mkono wake, wimbo hautoki."

Kanuni hiyo aliiweka marehemu dada yake bosi, mwanzilishi wa kampuni. Bosi alikuwa ameirithi kampuni miezi sita tu iliyopita, na tayari ilikuwa inamfia mikononi.

"Basi mpigie simu."

"Hapokei."

"Ana kiburi?"

"Ana kichwa kigumu. Huyo hata kula, mpaka abembelezwe."

Bosi akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Bibi Faili hakucheka. Aliichukua barua, akailaza kwenye jalada, akalinyoosha kwa kiganja kana kwamba lilikuwa na makunyanzi.

Jumamosi, ofisi ikiwa imefungwa, bosi alirudi peke yake. Alipekua mikataba ya zamani mpaka akapata mtaa na namba ya nyumba. Njiani alijipangia maneno. Mtaka cha mvunguni huinama. Yeye angepiga hata magoti. Angemwambia mtunzi kwamba ubeti wa pili ndio uliomliza alipousikia mara ya kwanza, na haikuwa uongo.

Mlango ulifunguliwa na mzee aliyevaa sweta lililotoboka kiwiko.

"Shikamoo, mzee. Natoka kwenye kampuni ya nyimbo. Namtafuta mtunzi, tafadhali. Dakika tano tu."

"Marahaba." Mzee alimtazama kwa muda, kama mtu anayeamua jambo. "Mwanetu tulimzika, baba. Huu mwaka wa tatu."

Bosi alishika fremu ya mlango. "Haiwezekani. Juzi tu ametuandikia barua."

Mzee hakushangaa. Alifumba macho kidogo, kisha akageukia jikoni na kuita polepole, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa:

"Mke wangu, njoo. Wamekuja wa kazini kwako."